Sindano Tatu kwa Jina Langu

Waliosoma toleo lililopita wananijua. Mimi ni Nthoki, mke wa Kiema, wa mtaa wa Komarock, yule aliyeambiwa ameshatibiwa ugonjwa ambao hajawahi kutibiwa. Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, labda gazeti limekufikia likiwa limefungiwa mandazi, nitakupa habari kwa ufupi, maana leo nina mengi.

Ilikuwa Septemba, mwaka wa tisini na nne, nina mimba ya miezi mitano. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa akiwa amekufa, mwaka mmoja kabla, na watu wa mume wangu wakasema ni mimi niliyemeza vitu vya kutoa mimba. Mimba hii ya pili, sista wa kliniki ya akina mama karibu na kwetu alinitoa damu, akafunga mlango, akaniambia nina kaswende. Akaniambia pia huenda ndiyo iliyomuua yule wa kwanza, na huyu aliye tumboni anaweza kumfuata nisipodungwa sindano tatu, moja kila wiki, na mapema.

Akanituma kliniki kubwa iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Jina lake nalihifadhi.

Huko Sista Lusweti alifungua kitabu cha wagonjwa, akapitisha kidole, akasimama. "Nthoki Kiema, Komarock. Ulidungwa hapa Mei, zote tatu. Damu huchelewa kusafika, mama. Hiyo waliyoiona kule ni alama ya zamani tu. Nenda nyumbani ule vizuri."

Mimi? Sikuwahi kukanyaga pale hata siku moja.

Nilimwambia hivyo. Alicheka kama mtu aliyechoka. "Kila mama anayeingia hapa, kitabu kinamsingizia. Kama kuna mtu alitumia jina lako, mlete Alhamisi aseme kwa mdomo wake. Ama umlete bwana yako. Kumdunga mwanamke mara ya pili bila bwana yake ni kutwanga maji."

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Wengi mmeandika kuuliza ni nani. Hata mimi sikuhitaji kufikiria sana. Kuna mtu mmoja tu niliyewahi kumwazima jina langu.

Wanawake wa mitaa yetu wa miaka ile wanajua ninachosema. Tuliazimana sufuria, tukaazimana viatu vya harusi, na tukaazimana majina. Msichana asiye na mume akienda kuomba tembe za kupanga uzazi aliulizwa, tena kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, mume wake yuko wapi. Akikosa jibu alitimuliwa na mahubiri juu. Kwa hiyo alichukua jina la rafiki aliyeolewa, na la mume wa rafiki, akaingia pale kama bibi ya mtu.

Aprili ile aliyekuja kwangu kuazima alikuwa Kavinya. Tulilelewa pamoja nyumba za reli pale Muthurwa, baba zetu wakifanya kazi karakana moja. Ndiye aliyenishika mkono siku ya harusi yangu. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na Jumapili aliongoza kwaya yetu. Nilimpa jina langu na la Kiema bila kufikiria mara mbili, nikamwambia asisahau kutaja kuwa tunakaa Komarock.

Sasa tuendelee.

Jumapili ile baada ya ibada nilimfuata chumbani kwake, mtaa wa Fedha. Nilimkuta akipiga pasi joho la kwaya.

"Kavinya, kule kliniki ulienda kuchukua tembe, ama ulienda kufanya nini?"

Pasi ilisimama juu ya kitambaa.

"Nani amekuambia?"

"Damu yangu. Nimetolewa damu, nina kaswende, na kitabu kinasema nilishadungwa. Nani alidungwa, Kavinya?"

Harufu ya kuungua ilipanda, na ni mimi niliyemwondolea pasi mkononi. Joho lilikuwa limeingia alama ya kahawia mgongoni. Alilitazama, akapiga magoti, akaanza kulia.

"Nilikuwa na vidonda, Nthoki. Ningefanya nini? Mimi ninayesimama mbele ya watu kila Jumapili, niingie Chumba Nane na jina langu?"

Chumba Nane ndiko walikotibiwa wenye magonjwa ya zinaa. Kila mtu alikijua. Ukionekana umeketi benchi lile, habari zako zilifika mtaani kabla yako.

"Ukaingia na langu."

"Nilijua wewe una mume. Mwenye mume haulizwi mengi."

"Na ni nani aliyekupa?"

"Mtu tu. Alinidanganya. Ameshahamia Mombasa."

"Ana bibi?"

Alifuta pua kwa kiganja. "Sijui."

Mnataka kujua nilifanya nini? Nilimshika mabega, nikamwinua, nikamketisha kitandani, nikamwambia pole. Nilimtukana huyo mwanaume wa Mombasa mpaka nikaishiwa maneno. Nilimwambia tutamshinda. Nilimpikia chai kwa sukari yake mwenyewe na nikampulizia ipoe.

"Alhamisi saa tatu," aliniambia, "nitakuwa kwenye benchi la Chumba Nane. Nitasema ni mimi. Nakuapia kwa mama yangu. Lakini Kiema asijue. Na wewe niapie."

"Kwa nini asijue?"

"Si unajua wanaume? Atasema kama rafiki yako yuko hivyo, hata wewe uko hivyo."

Nikaapa. Chekeni tu, nimeshazoea.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mlango ulikuwa wazi, na sebuleni nikawakuta wanaume watatu. Kiema. Mzee Ngui, ambaye ni ndugu ya marehemu baba yake. Na Phares, mzee wa kanisa letu, yule anayesoma matangazo. Kiema alikuwa amewapikia chai. Miaka mitatu ya ndoa sikuwahi kumwona akiwasha stovu, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

Tangu Ijumaa nilikuwa nimemwambia kwamba sista anatutaka kliniki sote wawili. Alinyamaza siku mbili. Kumbe alikuwa akijipanga kunipiga kabla sijampiga.

"Keti, mwanangu," alisema Mzee Ngui. "Mume wako ametuita. Ana karatasi."

Kiema aliiweka mezani. Ilikuwa karatasi ya kijani, ndogo, imekunjwa mara nne. "Nimeitoa kwenye Biblia yake," alisema, akiwatazama wao, si mimi. "Mwanamke anaficha vitu kama hivi ndani ya Neno." Biblia yangu haikuwahi kuwa na karatasi ile.

Phares alivaa miwani, akasoma kwa sauti ileile ya matangazo. "'Mwenzi wa Nthoki Kiema, wa Komarock, anaombwa afike Chumba Nane akiwa na karatasi hii. Tarehe kumi Mei.'" Aliishusha. "Chumba Nane."

"Umetuletea ugonjwa nyumbani?" Mzee Ngui aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya huzuni, na huzuni yake ndiyo iliyoniuma.

"Baba, mimi sijawahi..."

"Karatasi ya serikali haidanganyi," alisema Phares. "Na huu, Mzee, wakubwa wetu waliuita ugonjwa wa wanawake. Jina lenyewe linajieleza."

"Kwani mwanamke huupata kwa mwanamke mwenzake?" nilimuuliza.

"Usimjibu mzee wa kanisa hivyo!" Kiema alifoka. "Unaona, Baba Ngui? Unaona ninavyokaa? Hata yule mtoto alikufa kwa ajili ya huu uchafu wake. Mimi niko barabarani na lori la unga siku nne, yeye yuko hapa anazurura!"

Neno lile la mtoto lilinikata. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni Kavinya aliyetumia jina langu. Lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimeapa saa mbili tu zilizopita, na nilimwona bado pale kitandani amevimba macho, nikalimeza. Nilikuwa tayari kuonekana malaya mbele ya ukoo kwa ajili yake. Hilo nataka mlikumbuke mnapotaka kunihukumu kwa yale niliyofanya baadaye.

Sijui ni nini kilinifanya ninyooshe mkono. "Mzee Phares, naomba niione hiyo karatasi."

Nilikuwa nimezoea kuziona. Siku ile ya Sista Lusweti nilikaa kwenye benchi karibu saa tatu nzima, na karatasi za kijani zilipita mbele ya macho yangu nyingi. Wanaume waliingia nazo wamezificha viganjani. Wakitoka ndani, wanaziangalia upande wa nyuma, kwa sababu nyuma ndiko sista anakotia jina la mwanaume, tarehe na sahihi kila anapomdunga. Bila hivyo wiki inayofuata hadungwi.

Niliigeuza.

"Mzee Phares," nilisema, nikamrudishia, "umesoma mbele. Soma na nyuma."

"Nyuma kuna nini? Ni michoro tu," alisema Kiema. Mwandiko wa sista ulikuwa umeparazwa haraka, na mtu asiyejua ungemfanya adhani kalamu ilikuwa ikijaribiwa.

Phares aliisogeza karibu na dirisha. Alianza kwa sauti ya matangazo. "'Kiema, dereva. Kumi na saba Mei, amedungwa. Ishirini na nne Mei, amedungwa. Thelathini na moja...'" Sauti ilikwisha. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, lakini hakuendelea.

Hakuna aliyegusa chai.

"Ulijua," nilimwambia Kiema. "Tangu Mei. Ulienda, ukadungwa, ukapona, ukarudi kulala kando yangu. Tumbo hili lilikuwa changa hata halijaonekana. Miezi minne unanitazama nikila udongo na malimau, unajua ninacho, na hukusema."

"Nilifikiri litaisha lenyewe."

"Kwako liliisha lenyewe?"

Nilidhani sasa mambo yamegeuka. Nilimtazama Mzee Ngui nikingoja. Mzee alikohoa, akakoroga chai isiyokuwa na sukari ya kukoroga.

"Mwanangu, angalau yeye alienda kutibiwa," alisema.

"Hilo ni kweli," alisema Phares, ameshapata moyo. "Na kama ametibiwa, basi mwenye ugonjwa sasa si yeye. Ni wewe."

Wasomaji, nilicheka. Sikujua kama kuna kicheko cha aina hiyo, kinatoka chenyewe huku macho yanalia. Nikiwa bado nacheka, jambo la pili likanijia.

Karatasi ile haitumwi kwa posta. Haletewi mtu nyumbani. Sista humpa mwanamke mkononi, na mwanamke ndiye humpelekea yule aliyelala naye. Tarehe kumi Mei aliyeitwa Nthoki alipewa karatasi. Siku saba baadaye ilikuwa mkononi mwa mume wangu.

Yule mtu wa Mombasa alikuwa ameketi kwenye kochi langu akinywa chai.

"Kavinya," nilisema. Sikuuliza.

Kiema aliinua macho mara moja, akayashusha. Mwanaume asiye na hatia angeuliza Kavinya anaingiaje hapa. Yeye alisema, "Ni yeye aliyenitafuta."

Mnajua nililia nini? Sikumlilia Kiema. Madereva tunawajua, tunaolewa nao tukiwa tumejikaza. Nililia ile chai niliyompulizia Kavinya ipoe. Nililia kwamba alipohitaji kuficha alichofanya na mume wangu, alijificha ndani ya jina langu, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango na kumkumbusha tunakokaa. Kama Kavinya aliugua, alitibiwa. Kama Kiema aliugua, alitibiwa. Wote wawili walipona kwa jina langu, na mwenye jina akabaki na ugonjwa.

Nilifuta uso. Nilikuwa na mtoto wa kufikiria.

"Kiema, ya Kavinya tutayazungumza. Twende kliniki kesho. Ingia tu useme huyu ni bibi yangu, hajadungwa. Maneno hayo tu."

"Mimi nimemaliza sindano zangu. Kule sirudi. Wananijua."

"Ni mtoto wako."

"Watu wa kampuni hupita barabara ile. Sirudi."

Mzee Ngui alisimama, akavaa kofia. Uamuzi wake ulikuwa kwamba mambo haya yaishie palepale, watu wasisikie, na kwamba niende kwa wazazi wangu nikae huko mpaka nisafike. Nisafike kwa dawa gani, hakusema. Phares alifunga kwa maombi, na katika maombi yale akanitaja mimi peke yangu.

Sikwenda kwa wazazi. Nilibisha nyumba ya jirani, kwa Ruqiya, mama wa Kisomali anayeuza vitambaa vya jumla. Nilimwaga yote. Alinisikiliza akikunja shiti moja mara kumi.

"Alhamisi atakuja huyo rafiki yako?" aliuliza.

"Akija nitamrarua uso."

"La, abaayo." Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, dada kwa lugha ya kwao. "Utamrarua Ijumaa. Alhamisi unamhitaji. Ugomvi hauna miezi mitano, utangoja. Aliye tumboni hangoji."

Alinitandikia godoro, na siku tatu nilikaa kwake nikijifundisha kutomchukia Kavinya kabla ya Alhamisi. Sikufaulu, lakini nilijifundisha.

Alhamisi saa mbili na nusu nilikuwa kwenye benchi la Chumba Nane, kitambaa cha Ruqiya kichwani, nimekishusha mpaka kwenye nyusi. Saa tatu Kavinya hakuwepo. Saa tatu na nusu nilitoka mpaka langoni, nikatazama barabara pande zote. Saa nne. Saa nne na nusu. Wanawake niliowakuta wakaingia, wakatoka, wakaenda zao. Nilijiambia amechelewa kuomba ruhusa kazini. Nilijiambia hivyo mpaka nikajichoka.

Hakuja. Sawa. Alikuwa amenichukulia mume na jina, kwa nini nilidhani hatanichukulia na Alhamisi?

Basi nikasimama niende nikamwombe Sista Lusweti kwa magoti. Lakini dirishani nikaambiwa Sista Lusweti ameenda semina, na Chumba Nane kuna sista mgeni. Karani alikuwa ameshika kalamu tayari.

"Jina?"

Nikitaja langu, atafungua kitabu, aone sindano tatu, anirudishe nyumbani nikale vizuri. Nilimtazama yule karani. Kinywa changu kilifunguka chenyewe.

"Kavinya Muoki."

"Mume?"

"Sina."

Kalamu ilisimama. Alinitazama tumbo, akanitazama uso, akapaza sauti kidogo, ile niliyokuwa nikiisikia ikisimuliwa tu. "Tumbo lote hilo na huna mume? Na unaleta magonjwa? Nyinyi wasichana wa siku hizi mna nini? Ungejiheshimu ungekuwa hapa?"

Benchi zima liligeuka. Hapo, kwa dakika moja, nilimwelewa Kavinya. Nilielewa mtu anavyoweza kukimbilia jina la mwenzake ili asisimame mahali kama pale. Dakika ilipokwisha chuki ikarudi mahali pake, maana mimi sikumkimbilia mume wa mtu.

"Sina mume," nilirudia. "Andika."

Aliandika.

Nilitolewa damu upya. Nikangoja. Saa sita kasoro robo jina likaitwa, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikukumbuka kuwa ni langu.

Sista mgeni alikuwa kijana, mwenye mikono ya haraka na sauti ya chini, na alikuwa mtu wa kwanza kuniambia niketi. "Dada, damu imeonyesha. Usiogope, inatibika. Mtoto wako bado tunaweza kumwahi. Lakini tusichelewe hata wiki moja. Unanielewa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Lazima nijue ni nani, ili naye aitwe. Ni nani?"

"Kiema."

"Anakaa wapi?"

"Komarock. Anaendesha lori la unga."

Akaandika. Nilimwangalia akiandika, nikaona kilichotokea. Jina Kavinya na jina Kiema kwenye mstari mmoja wa kitabu cha Chumba Nane. Nilikuwa nimesema uongo kuanzia dirishani, na uongo wote huo ulikuwa umetoa mstari mmoja wa kweli tupu. Nitasema wazi kwamba nilifurahi. Furaha mbaya, lakini nilifurahi.

"Una bahati," alisema akifungua kabati. "Hii ndiyo chupa ya mwisho. Nyingine zinatarajiwa mwisho wa mwezi, na hata hapo sijui."

Alitia maji kwenye unga wa dawa, akaitikisa chupa karibu na sikio lake, akavuta sindano ikajaa maziwa meupe. Nilipanda kitandani nikalala kwa ubavu, nimeshika tumbo. Pamba ya spiriti ilinigusa pajani juu, baridi.

"Vuta pumzi, Kavinya. Hii inauma kidogo."

Nilivuta pumzi. Nilimwambia mtoto kimoyomoyo, tumefika.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla sista hajajibu. Alikuwa karani.

"Sista, samahani. Kuna mwingine dirishani. Naye anasema ni Kavinya Muoki."

Sista hakuondoa mkono wenye sindano. "Majina hufanana. Mwambie angoje."

Lakini aliyetakiwa kungoja alikuwa ameshaingia. Kwenye kioo cha kabati lililokuwa mbele yangu niliiona sketi kwanza, kisha viatu, kisha uso. Macho yalikuwa yamevimba kuliko Jumapili. Alikuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili, wazi, picha ikitazama mbele. Hakuwa ameniona mimi, kwa sababu nililala nimeupa mlango mgongo na kitambaa cha Ruqiya kimenifunika.

"Sista, nimechelewa, nilikuwa nimeogopa," alisema Kavinya. Sauti ile ya kuongoza kwaya ilikuwa imekatika katikati. "Lakini nimekuja kusema ukweli. Mimi ndiye Kavinya Muoki. Mei nilidungwa hapa kwa jina la mtu. Leo sitaki tena kudanganya. Kitambulisho changu hiki hapa."

Miezi yote ile ya uongo, chai yote ile, na akachagua dakika ile ya kuwa mkweli. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilitaka kumwambia rafiki yangu, nidanganyie mara moja ya mwisho, useme umekosea chumba. Sikuweza kufungua kinywa bila yeye kuijua sauti yangu.

Baridi ya spiriti ilikuwa ikikauka kwenye ngozi. Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Nilisikia kitambulisho kikiwekwa mezani, juu ya kitabu, juu ya mstari ule nilioufurahia. Kisha nikasikia sindano ikirudishwa kwenye sahani ya chuma, polepole, na sista akazunguka kitanda mpaka akasimama mbele ya uso wangu.

"Na wewe uliyelala hapa," aliniuliza, "ni nani?"